Vaa Ulicholetewa

4 Februari

Mke mwenzangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi, nyingine nimeziacha nje maana bahasha ilikataa kufungika. Mimi ni mzima. Magoti ndiyo yanayolalamika, lakini hayo yalianza kulalamika kabla hujazaliwa na sijawahi kuyasikiliza. Mjomba wako alikuja Jumapili na mkewe, wakakaa kwa adabu kama watu waliokuja kuposa, kisha wakaondoka. Watoto wao wamerefuka mpaka nikisema nao naongea na vifungo vya mashati. Marehemu mume wetu angekuwepo angewauliza huko juu kuna hali gani ya hewa.

Najua ungependa nikupigie simu siku unazotoka kambini. Mjukuu wangu, nimekuwa opereta wa simu mpaka nikastaafu. Nimewaunganisha wachumba, nimewaunganisha wenye kesi, nimewasikia watu wakidanganyana kwa sauti tamu kama asali. Sauti siziamini tena. Na simu ya hapa iko kwenye korido, ukisema "halo" milango yote inafunguka.

Sasa nikuambie kinachonisumbua. Tangu mjomba wako anilete kwenye nyumba hii ya wazee sijalalamikia chakula, wala manesi, wala redio ya jirani. Ninacholalamikia ni nguo. Chumba cha kufulia kiko nyuma, kina mashine mbili. Moja imekufa, na ile nyingine ikizunguka inatembea, mpaka wameifunga kamba kwenye nguzo kama ng'ombe. Madobi walikuwa wawili. Mmoja amekwenda kujifungua na nafasi yake haijajazwa. Aliyebaki tunamwita Dobi tu, mwanamke mwenye mikono ya mpiga mieleka, na anafulia nyumba nzima: mashuka, taulo, foronya na nguo zetu. Majina yetu yaliandikwa kwenye nguo kwa kalamu, nayo yamefuliwa yakaisha. Kwa hiyo siku hizi kila mzee analetewa furushi la kubahatisha.

Gauni langu la zambarau nililiona likiingia bwaloni, ndani yake yumo Mama Keki, yule aliyekuwa na duka la mikate. Limempendeza kuliko mimi, na hapo ndipo nilipoumia. Mimi katika furushi langu nimekuta suruali ya kiume. Mimi na mwili wangu na wewe na mwili wako tungeingia wote humo na bado tungemkaribisha mgeni. Ina mikanda ya mabegani. Nimeitundika nyuma ya mlango, na kila nikiamka na usingizi wa mchana nadhani kuna mtu amekuja kunitaka.

Usimwambie mjomba wako. Ataleta fujo siku moja, kisha asahau. Naendelea vizuri, ila siku hizi nakula chumbani.

Wako,
Mke Mkubwa


27 Februari

Mke Mkubwa, shikamoo.

Pole na magoti. Barua yako imekuja na lori la mafuta, ikanukia dizeli, lakini nimeisoma mara nyingi na wenzangu kambini wameniomba niwasomee ile sehemu ya mashine iliyofungwa kamba. Nimewasomea. Mpishi wetu alicheka mpaka akaunguza maharage, na tumeyala hivyo hivyo.

Huku kazi ya barabara inakwenda. Bado naendesha mtambo wa kushindilia, ule wenye gurudumu la chuma, na tumeshauvuka ule mlima niliokueleza. Fomeni anasema mimi peke yangu ndiye nisiyesinzia juu yake. Vumbi usiniulize. Nikivua suruali ya kazi inabaki imesimama yenyewe, na asubuhi naiamkia kama mtu. Juzi fomeni aliniita ofisini kwake, mambo ya kawaida tu.

Lakini Bibi, nimekasirika. Nguo zako zivaliwe na watu wengine, na wewe uletewe suruali, hiyo ni nyumba ya wazee au mnada? Mimi ulinilea peke yako tangu sijaota meno, na sijawahi kuvaa nguo isiyo yangu wala iliyofuliwa nusu. Mkataba wangu hapa unaisha Agosti. Nikitoka nitapanga vyumba viwili vyenye dirisha kubwa, kimoja changu na kimoja chako, na nitakuja kukuchukua. Nimeshaahidi. Vumilia mpaka Agosti.

Maswali mawili. Kwa nini unakula chumbani? Wewe ambaye kwenye sherehe huwa unaondoka baada ya wenye viti kuchukua viti vyao. La pili, kama mke mdogo nina haki ya kuarifiwa kuhusu mwanamume yeyote anayening'inia nyuma ya mlango wetu, hata kama ni suruali yake tu.

Wako,
Mke Mdogo


16 Aprili

Mke mwenzangu,

Nakusalimu wewe na mpishi wako wa maharage. Mjomba wako hajambo. Mkewe amekata nywele na hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli.

Mwenye suruali amepatikana. Niliamua kuizungusha mwenyewe. Nikaiweka begani, maana mkononi ilikuwa inaburuza, nikapita korido nzima nikigonga mlango mmoja mmoja. Waliniambia si yao, na wawili walitamani iwe yao. Mlango wa mwisho kabisa nikagonga, ikajibu sauti nzito kutoka ndani.

"Siwezi kufungua. Sina suruali."

"Ninayo mimi," nikamwambia.

Mlango ukafunguka kidogo, ukatoka mkono mkubwa, ukachukua, ukarudi. Nikasikia mtu akihangaika, akigonga kabati, akiomba radhi kwa kabati. Mlango ulipofunguliwa wote, alikuwa amesimama jitu la mtu, kifua mbele, kama anayesubiri kuvishwa nishani. Ndiye tunayemwita Tarumbeta, kwa sababu alipiga tarumbeta kwenye bendi maisha yake yote. Mimi nilikuwa nasikia jina tu. Kumbe suruali zake zote zilipotelea kwa Dobi, na yeye alikuwa amejifungia na blanketi kiunoni, akiwaambia manesi hana hamu ya kula. Hamu alikuwa nayo. Alichokosa ni cha kuvaa, na aliona haya kukitaja. Mtu aliyesimama mbele ya umati na kupuliza shaba mpaka mashavu yakawa kama maputo alishindwa kumwambia binti wa watu kwamba hana suruali.

Akaniuliza kama nimeshakula. Nikasema nakula chumbani. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia ni hadithi ndefu, akasema basi tuianze njiani, akanipa mkono wake niushike. Tulipoingia bwaloni, Mama Keki alisimama akapiga makofi, na gauni langu la zambarau likapiga makofi pamoja naye. Tarumbeta alikula sahani yake, akala na ya jirani yake, huku akimsimulia jirani habari za kumfanya asitambue.

Ananiita Opereta. Ni mtu wa kuchekesha, zaidi ya hapo sina la kusema.

Kuhusu Agosti, tutazungumza.

Wako,
Mke Mkubwa


9 Mei

Mke Mkubwa, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama, na natumaini vilevile utaijibu sawasawa. Huku mvua imetusimamisha, mitambo imelala, na mimi nimepata muda mwingi wa kuzisoma barua zako kama hakimu.

Mjomba ameniandikia. Anasema alikuja kukuona mwezi wa tatu, akaambiwa umelazwa kwenye chumba cha wagonjwa, umetundikiwa dripu. Hakuambiwa sababu, na wewe ukamwambia ni uchovu. Mimi umeniandikia kwamba ulikuwa na shughuli. Ni shughuli gani inayofanywa na dripu mkononi? Na mwandiko wako wa Aprili ulikuwa unapanda na kushuka kama barabara ambayo sisi hatujaifikia.

Pia sijaielewa "tutazungumza" yako. Nilisema nakuja Agosti. Kuna nini cha kuzungumza?

Na huyu Tarumbeta. Umri wake, meno yake, na kama anakoroma. Tafadhali jibu yote.

Mimi sina jipya.

Wako,
Mke Mdogo


30 Mei

Mke mwenzangu,

Salamu. Nimeyaona maswali yako, yamejipanga kama askari. Nianze na la Tarumbeta. Umri ni wangu na kidogo juu. Meno ya upande wa kushoto yote ni ya kwake. Kuhusu kukoroma, nitajuaje mimi, mtoto usiye na haya.

Sasa lile la dripu. Kuna bibi mmoja hapa, simtaji, ambaye umri umempunguzia mbio za kuwahi choo. Si kila siku, ila hutokea. Zamani lilikuwa jambo dogo. Asubuhi shuka linaondoka, jingine linakuja, na hakuna anayejua isipokuwa nesi na Dobi, na hao midomo yao imeshonwa. Mashine ilipokufa, shuka likawa linaondoka lakini jingine haliji. Analala juu ya taulo, taulo zikiisha anatandika magazeti. Akaacha kwenda bwaloni, maana alijiona ananuka, ingawa alikuwa hanuki. Mwishowe akajitungia dawa yake mwenyewe: akaacha kunywa maji. Na chai akawa analimwagia ua lililokuwa dirishani. Ua likanawiri kuliko maua yote ya nyumba hii, yeye akakauka. Siku moja akaanguka katikati ya kitanda na dirisha, na kikombe mkononi, ndipo wakamtundikia dripu. Sasa anaendelea vizuri. Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu dripu.

Nilikwenda kwa Meneja. Ni kijana mpole, ana kucha safi, na ukimweleza jambo anatikisa kichwa mpaka unamwonea huruma. Alinikaribisha kiti, akanionyesha dirishani mafundi wanaojenga chemchemi ya urembo kwenye bustani ya mbele. Maji yatakuwa yanaruka juu na kushuka. Bodi ya nyumba yetu inakuja Julai kuizindua. Nikamwambia vizuri, na mashine ya kufulia je? Akasema wanalifanyia kazi. Na Dobi msaidizi je? Wanalifanyia kazi. Na mimi nguo zangu nitavaa zipi? Akatabasamu kwa upole wote alionao.

"Kwa sasa, Mama, vaa ulicholetewa."

Nikamshukuru. Nimetoka mle nikiwa na hasira za kutosha kupandia ngazi bila fimbo.

Wako,
Mke Mkubwa


17 Juni

Mke Mkubwa, shikamoo.

Barua yako niliisomea juu ya mtambo, na nikauzima, mpaka fomeni akaja mbio kuuliza umeharibika wapi. Nikamwambia mtambo ni mzima, niache kidogo.

Huyo bibi mmoja, nakuomba umfikishie maneno yangu. Mwambie mimi aliyenilea alinibadilishia mashuka mpaka nilipoanza shule, na hakuna asubuhi hata moja aliyoniacha nione aibu. Alikuwa akiligusa godoro na kusema, "Leo godoro limetoka jasho sana," kisha ananipa uji. Nimekuwa mtu mzima nikiamini magodoro hutoka jasho. Mwambie anywe maji. Anywe mbele ya nesi, anywe mbele ya Meneja, anywe mbele ya huyo mpiga tarumbeta. Kama shuka halimfuati, yeye alifuate shuka liliko.

Sitamwuliza jina lake. Mwambie nampenda tu.

Wako,
Mke Mdogo


8 Julai

Mke mwenzangu kipenzi,

Kaa kitini kwanza, na mpishi akae mbali na moto.

Ujumbe wako nilimfikishia mhusika. Alilia kidogo, akanywa maji bilauri mbili, akashika fimbo akalifuata shuka liliko. Alimkuta Dobi amekaa juu ya ndoo, ameshika barua ya kuacha kazi ambayo hajaipeleka. Mashine ilikuwa imekata kamba na kuufuata mlango. Basi tukaanza kumsaidia, mimi, Tarumbeta, Mama Keki na Hakimu, mzee mmoja aliyekuwa hakimu kweli na bado anazungumza kama anasoma hukumu. Mama Keki alikanda nguo kwenye beseni kama unga. Mimi na Tarumbeta tulikamua mashuka, yeye ncha hii, mimi ncha ile, yeye anasokota kulia, mimi kushoto, na shuka linapokaribia kukauka mnajikuta mmesogeleana uso kwa uso. Sikujua kama kufua kuna mambo hayo. Siku hizo hapakuwa na mzee aliyelala juu ya gazeti.

Meneja akatukuta. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema wazee hawaruhusiwi chumba cha kufulia kwa usalama wao, akatia kufuli jipya. Dobi akabaki peke yake tena, na mafurushi ya kubahatisha yakarudi.

Hapo ndipo nilipoyakumbuka maagizo yake. Nikawakusanya wenzangu nikawaambia sisi ni watu watiifu. Siku ya bodi, kila mtu atavaa kile kile atakacholetewa, bila kubadilishana na jirani.

Mjukuu wangu, ilikuwa siku nzuri. Bodi walikaa bustanini chini ya turubai, wageni, maua, kitambaa cha kukata. Meneja amevaa suti ya rangi ya majivu. Akasema neno la kukaribisha wazee wetu wapendwa, na mlangoni ikalia tarumbeta. Nikwambie, huyo mtu ana mapafu. Ndege wote waliondoka. Kisha tukatoka kwa mstari, taratibu, kwa mwendo wa gwaride.

Mbele alikuwa Tarumbeta ndani ya gauni la kulalia la Mama Keki, lenye maua ya waridi, limemfikia magotini. Nyuma yake Hakimu na blauzi ya lesi iliyokataa kufungwa vifungo, uso wake mkavu kabisa, anawapungia wageni. Mama Keki alikuwa na fulana ya kiume na pazia. Ndiyo, aliletewa pazia. Mimi nilikuwa ndani ya ile suruali, iliyonirudia tena kwenye furushi, nimeivuta mpaka kwapani, mikanda nimeizungusha shingoni, na nilitembea kwanza mimi, suruali ikanifuata baadaye.

Mwenyekiti wa bodi ni mama wa makamo mwenye miwani mizito. Alimtazama Hakimu kwa muda, kisha kwa heshima akamwambia amependeza. Hakimu akainamisha kichwa.

"Asante. Hiki ndicho nilicholetewa kutoka kufuliwa."

Mwenyekiti akamgeukia Tarumbeta, naye akajibu hivyo hivyo. Akamgeukia Meneja, akaomba aonyeshwe chumba cha kufulia. Meneja akasema chemchemi ndiyo iko tayari kuzinduliwa. Mama yule akasema chemchemi haiendi popote. Tukaongozana wote, bodi, wageni, gwaride. Mlango ulipofunguliwa, Dobi alikuwa amesimama ndani ya beseni, anakanyaga mashuka kwa miguu, jasho linamtoka, rundo nyuma yake limefika dirishani. Hakutuona. Alikuwa anaimba.

Mwenyekiti akamwuliza Meneja nguo zake yeye zinafuliwa wapi. Nilitegemea aseme wanalifanyia kazi. Kijana wa watu akaangalia viatu vyake, akasema nyumbani, na mama yake. Hapo Mama Keki alianza kucheka, akamwambukiza Hakimu, ambaye sikujua kama ana kicheko, na mwishowe Meneja mwenyewe alicheka huku macho yamemjaa maji.

Kisha mwenyekiti akanigeukia, akaniuliza, "Na wewe Mama, shida yako kubwa ni nini? Nguo kupotea?"

Nilikuwa nimejiandalia mzaha. Mzaha haukutoka. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi niliacha kunywa maji nisije nikalilowesha shuka ambalo halitabadilishwa. Nikaanguka."

Kicheko kikakatika. Nilisema mbele yao wote, mbele ya Tarumbeta, na sikufa. Yeye alikwenda kwenye bomba, akajaza kikombe, akaniletea, na mimi nikakinywa chote pale pale, nikiwa ndani ya suruali yake na yeye ndani ya gauni la mtu.

Basi yule bibi unamjua sasa, ingawa naona ulimjua siku nyingi.

Mashine mbili mpya zimefika juzi. Madobi sasa ni watatu, na yule aliyekwenda kujifungua akirudi watakuwa wanne. Majina yetu yameshonwa kwa uzi mwekundu. Barua ya Dobi ya kuacha kazi ilikuwa mfukoni mwa aproni yake, na ilifuliwa kwenye mzigo wa kwanza kabisa.

Wako,
Mke Mkubwa


1 Agosti

Mke Mkubwa, shikamoo.

Kambi nzima imesikia habari za gwaride, na madereva wa malori wamezipeleka mbele mpaka sijui zimefika wapi. Nimecheka, nimelia, nimekunywa maji.

Sasa na mimi niseme ukweli, kwa sababu wewe uliusema mbele ya bodi na mimi naogopa karatasi. Siku ile fomeni aliniita ofisini haikuwa kwa mambo ya kawaida. Alitaka niende nao kwenye barabara inayofuata, mbali zaidi ya hapa, na anifundishe kuendesha greda, ule mtambo wa kusawazisha. Nilimwambia nitafikiria. Tangu Februari nafikiria, na tangu Februari nakuandikia habari za vyumba viwili vyenye dirisha kubwa.

Nimesaini, Bibi. Sitakuja Agosti kukuchukua. Nimejaribu kuandika sababu nzuri lakini sababu ni moja tu, naipenda kazi hii. Jioni nikigeuka nyuma na kuiona lami imelala, nyeusi, imenyooka, mahali ambapo asubuhi palikuwa na mawe tu, nasikia raha ambayo sikuwahi kuisikia popote. Nakuomba usione nimekutupa. Ukisema nirudi, nitarudi.

Mjukuu wako


2 Agosti

Mke mwenzangu,

Nakusalimu kwa woga kidogo, na mimi si mtu wa kuogopa. Mjomba wako hajambo. Kila mtu hajambo. Nimemaliza habari za familia, sasa sina pa kujificha.

Tarumbeta ameniposa. Tulikuwa tunaanika, maana siku hizi tunaruhusiwa kuanika kwa hiari yetu, na kati yetu kulikuwa na shuka lililolowa. Nadhani alingojea shuka hilo makusudi, nisimwone uso. Ile sauti nzito ikaja kutoka upande wa pili.

"Opereta, suruali ninazo. Nilichobakiza ni mke."

Nikamjibu asubiri, laini ina shughuli. Nikaanika foronya zote, moja moja, na vibanio viwili kila moja, na yeye hakuondoka. Foronya zilipokwisha nikalipandisha lile shuka, nikamkuta amesimama na kofia mkononi, machozi yamefika kwenye masharubu. Nikamwambia ameunganishwa.

Nilikwambia sauti siziamini. Ya huyu nimeiamini.

Kwa hiyo Agosti siwezi kuja kukaa nawe, na hii ndiyo "tutazungumza" niliyoshindwa kuizungumza tangu Aprili. Wewe ulipanga maisha yako yanizunguke, ukanitafutia na dirisha, na mimi nimekaa hapa nataka kubaki kwenye nyumba uliyotaka kuniokoa nayo. Naona aibu kuliko ile ya shuka. Usinichukie.

Bibi yako


24 Agosti

Mke Mdogo, mwendesha greda, mwongo mwenzangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako ilinifikia niko kwenye korido nikisubiri kwa hofu jibu la ile yangu. Nimeisoma nimesimama. Kisha nimekaa chini, sakafuni, magoti yakanung'unika, nikacheka mpaka milango yote ikafunguka. Miezi yote hiyo mimi naogopa kukuvunja moyo, wewe unaogopa kunivunja moyo, na vyumba viwili havikuwa na mpangaji hata mmoja. Rudi wapi? Ukirudi nitakufungia mlango.

Tumeoana Ijumaa. Hatukukusubiri na usinune, watu wa umri wetu hawapangi harusi ya Desemba. Mjomba wako alinisindikiza akiwa amepoteza sauti kabisa, na mkewe ndiye aliyetoa hotuba, nzuri kupita kiasi. Mama Keki alioka keki ya tabaka tatu kwenye jiko la nyumba. Meneja alileta mama yake, tukakaa naye, ni mcheshi ajabu. Nilivaa gauni jipya jeupe. Dobi alilipiga pasi kwa mikono yake na hakumruhusu mtu mwingine kuligusa.

Tarumbeta anakoroma. Nimepata uhakika.

Sasa sikiliza. Tumepewa ruhusa ya kutoka wiki nzima, na watu walituuliza tunataka kwenda wapi, wakitaja mahali pa kupumzika penye bustani. Nimekataa. Nimeambiwa basi la asubuhi sasa linapita kwenye barabara yako. Nataka kukaa dirishani, na mume wangu pembeni, nipite juu ya kila hatua uliyoishindilia. Nilimwuliza kondakta tutajuaje tumefika kwenu. Akasema ni rahisi, Mama, mtakwenda kama mko juu ya zulia, na pale basi litakapoanza kutikisika, hapo ndipo lami imeishia na hao watu wako hapo.

Tunapanda Jumanne. Tukianza kutikisika, tutashuka.

Barua hii usiijibu, jibu halitanikuta.

Bibi yako